Kabla ya kuandika andiko la mradi kwa Wanavajo

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii hapa Arizona, nyumbani ni Tanga. Idara yetu inaandaa andiko la mradi wa miaka mitano wa kujenga uwezo wa utafiti na mafunzo ya afya ya jamii kwa Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, na mimi nimepangiwa sehemu ya mafunzo. Profesa anapendekeza tuanze na semina za mbinu za utafiti kwa wahudumu wa afya wa huko. Chuo kimeshatoa kibali cha maadili, lakini tumeambiwa Wanavajo wana bodi yao na safari yake ni ndefu. Kwa nini vibali viwili? Na nikitaka sehemu yangu iwe na manufaa ya kweli, niandike nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na kibali, kwa sababu ukishakielewa, sehemu kubwa ya swali lako la pili itakuwa imejibiwa.

Chuo chenu kimetoa kibali kwa niaba ya chuo. Watu mnaotaka kuwahoji wanaishi chini ya serikali nyingine. Taifa la Navajo lina mkataba na Marekani uliosainiwa mwaka 1868, lina bunge, rais na mahakama zake, na makao makuu yake yako Window Rock. Ardhi yake imeenea Arizona, New Mexico na Utah, takribani kilomita za mraba 70,000, zaidi ya mara mbili ya mkoa wako wa Tanga. Mwaka 2021 raia wake walioandikishwa walifikia kama 400,000, ingawa wengi wao wanaishi nje ya eneo hilo. Chini ya serikali hiyo yapo matawi 110, na kila tawi lina ukumbi wake wa mikutano ambamo wananchi hujadili barabara, maji na malisho, na humo humo huamua kama mtafiti fulani akaribishwe au arudi alikotoka.

Wewe umekulia Tanzania, kwa hiyo jambo hili unalijua. Mtafiti wa Ulaya akitua Dar es Salaam na kibali cha chuo chake mkononi, bado ataomba kibali cha NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na akimaliza kazi ataomba ruhusa ya kuchapisha. Wanavajo wanadai kile kile, tena kwa historia yenye maumivu zaidi.

Historia hiyo isome kabla hujaandika hata sentensi moja. Kuanzia mwaka 1944 hadi 1986 takribani tani milioni 30 za mawe ya urani zilichimbwa katika ardhi yao, na wachimbaji wengi walikuwa Wanavajo. Kuanzia mwaka 1950 madaktari wa serikali ya shirikisho waliwafuatilia wachimbaji wa urani, wakawapima na kuandika taarifa zao. Walijua mionzi ndani ya migodi ina hatari, lakini wachimbaji hawakuambiwa. Wanaume walikubali kupimwa wakidhani wanatibiwa, wakarudi mgodini, na miaka ikapita ndipo saratani ya mapafu ikaanza kuwachukua. Sheria ya fidia ilikuja mwaka 1990. Wajane waliolazimika kukusanya vyeti na vielelezo ili walipwe ni mama na bibi za watu ambao leo mnapanga kuwapelekea fomu ya ridhaa ya kushiriki utafiti. Machimbo zaidi ya 500 yaliyoachwa yangali huko, mengine karibu na nyumba na visima.

Halafu ukaja mwaka 1993. Mwezi Mei vijana wenye afya njema walianza kufa ghafla, mapafu yamejaa maji, katika eneo ambako majimbo manne yanakutana. Vyombo vya habari vikauita ugonjwa huo homa ya Wanavajo. Waandishi walifika hadi kwenye mazishi, na Wanavajo walitengwa mahali ambako hawakuwa na kosa lolote. Wazee walipoulizwa walieleza kwamba miaka yenye mvua nyingi na mavuno makubwa ya mbegu za misonobari huleta panya wengi, na panya wakizidi huja ugonjwa. Walikuwa wanafundishwa tangu zamani kwamba panya asigusane na chakula wala mavazi ya binadamu. Watafiti wakathibitisha kwamba ni kirusi cha jamii ya hanta kinachobebwa na panya wa porini, na kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimewaongeza panya hao maradufu na zaidi. Palipotolewa pendekezo la kukiita kirusi hicho jina la bonde lililoko katika ardhi yao, Wanavajo walikataa, na mwishowe kikaitwa Sin Nombre, yaani kisicho na jina. Mimi kila ninapofundisha habari za milipuko huanza na kisa hiki. Maarifa ya mlipuko yalikuwa kwa wazee wa kijiji, na aibu ya mlipuko wakabebeshwa wao hao.

Jirani zao Wahavasupai nao walitoa damu kuanzia mwaka 1990 kwa ajili ya utafiti wa kisukari, wakaja kugundua kwamba damu hiyo imetumika kuchunguza magonjwa ya akili na asili ya uhamaji wao, mambo ambayo hawakuyakubali. Kesi dhidi ya chuo husika iliisha kwa makubaliano mwaka 2010, wakalipwa dola 700,000 na kurudishiwa sampuli zilizobaki. Wanavajo wenyewe walikuwa wameshasimamisha utafiti wa vinasaba katika ardhi yao tangu mwaka 2002. Kama kuna mtu kwenye idara yenu anayewaza kuchukua mate au damu na kuiweka friji kwa matumizi ya baadaye, mwambie mapema.

Sasa bodi yenyewe. Bodi ya Taifa la Navajo ya kupitia utafiti kwa binadamu ilianza mwaka 1996, ikachukua jukumu lililokuwa mikononi mwa idara ya shirikisho inayohudumia afya ya wenyeji wa asili, ambayo kwa kifupi huitwa IHS. Utaratibu wake una hatua 12, na ukiutazama vizuri utaona kwamba kibali cha kuanza kukusanya data ni kipande tu cha safari. Kwanza mnakwenda kwa jamii. Mnasimama kwenye mkutano wa tawi, mara nyingi na mkalimani, mnaeleza mnataka nini, mnaulizwa, na mkikubalika mnapewa azimio la kuwaunga mkono. Hospitali au kituo mtakachofanyia kazi nacho kinatoa barua yake. Ndipo faili linafika mbele ya bodi, ambayo hukutana kila mwezi. Wajumbe wake si maprofesa watupu. Atakuwepo mtu atakayekuuliza swali moja ambalo profesa hakuwahi kukuuliza: matokeo haya yatabadilisha nini kwa mama anayeishi maili kadhaa kutoka kwenye lami?

Mkishaanza kazi mnatoa taarifa za maendeleo mara kwa mara. Mkimaliza, mnarudi kuwaambia wananchi mlichokiona kabla ya kuiambia dunia. Makala ya jarida inapita kwenye bodi kabla ya kutumwa, na mhtasari wa mkutano wa kitaaluma pia. Data yote ni mali ya Taifa la Navajo, na mwisho wa mradi mnaikabidhi. Wenzako watalalamika kwamba hilo linaua uhuru wa mwanasayansi. Wakumbushe kwamba mwaka 2019 NIH, taasisi kubwa kuliko zote za kufadhili utafiti wa afya Marekani, ilisaini na Taifa la Navajo makubaliano ya kugawana data kwa masharti ya Wanavajo, ya kwanza ya aina yake, kuhusu utafiti unaofuatilia kina mama na watoto walioishi karibu na taka za urani. Sayansi haikufa. Utafiti huo wa kina mama ndio uliotuonyesha kwamba karibu robo ya wanawake waliopimwa walikuwa na urani mwilini kwa kiwango kinachozidi kile cha asilimia 95 ya Wamarekani. Waliokwenda nyumba kwa nyumba kupima vumbi na maji ni pamoja na Wanavajo walioajiriwa na kufunzwa kwa kazi hiyo, na wakawaeleza kina mama majibu kwa lugha yao.

Kwa ratiba yenu hii ina maana moja ya wazi: mwaka wa kwanza msipange kukusanya data. Andika hivyo hivyo kwenye andiko, na utenge fedha za mafuta, mkalimani na chakula cha mikutano. Mfadhili anayewajua Wanavajo atawaamini zaidi mkiandika hivyo. Asiyewajua, bora mkamweleze sasa kuliko kumwomba aongeze muda mwaka wa tatu.

Tuje kwenye mafunzo. Pendekezo la profesa wako ninaliheshimu, lakini silikubali. Semina za mbinu za utafiti kwa wahudumu wa afya zinaanza na dhana kwamba kule hakuna kitu. Kipo, na ni cha zamani kuliko idara nyingi za afya ya jamii.

Mwaka 1951 Annie Wauneka alichaguliwa kuingia katika baraza la Wanavajo, akapewa kazi ya kupambana na kifua kikuu. Hakuwa daktari. Alijifunza ugonjwa huo kwa madaktari kwanza, kisha akazunguka kutoka hooghan moja hadi nyingine, zile nyumba zao za mviringo ambazo mlango wake hutazama mawio ya jua, akikaa na wagonjwa waliotoroka hospitali na kuwaeleza kwa Kinavajo kinachotokea mapafuni. Alikaa na waganga wa jadi pia, akatafuta namna ya hospitali na sherehe za tiba kwenda pamoja. Alisaidia kuandaa msamiati wa maneno ya tiba kwa Kinavajo ili daktari na mgonjwa waelewane. Mwaka 1963 alipewa nishani ya rais, ya juu kabisa kwa raia wa Marekani.

Katika miaka hiyo hiyo, kuanzia 1955 hadi 1962, madaktari wa Chuo Kikuu cha Cornell waliendesha mradi mahali panapoitwa Many Farms, kwa jamii ya watu kama 2,000. Ninakuomba uusome mradi huu kwa makini kuliko mwingine wowote. Waliajiri vijana wa Kinavajo, wakawafunza kutembelea nyumba, kutoa dawa, kupima na kuandika kumbukumbu, na vijana hao walifanya kazi nzuri sana. Kifua kikuu kilipungua na maambukizi ya masikio yakapungua. Lakini kuhara na nimonia za watoto hazikusogea, kwa sababu watu waliendelea kuishi wengi ndani ya chumba kimoja, bila maji, na hakuna kidonge kinachotibu ukosefu wa maji. Walsh McDermott, daktari aliyeuongoza, aliliandika hilo wazi miaka kumi baadaye. Muda ulipokwisha, mradi ulifungwa na madaktari wakarudi New York. Ujuzi wa wale vijana ukabaki bila ofisi, bila cheo na bila mshahara. Mpango wa kudumu wa wahudumu wa afya wa jamii chini ya serikali ulikuja mwaka 1968.

Miradi mingi ya kujenga uwezo inafia hapo hapo hadi leo. Watu wanafunzwa, kazi haipo. Mhudumu wa afya wa Kinavajo, ambaye ndiye profesa wako anataka kumpa semina, anajua nani ana kisukari, nani hana jokofu la kuhifadhia insulini, mbwa gani mkali, na barabara gani haipitiki theluji ikiyeyuka. Mwaka 2020, wakati kiwango cha maambukizi ya korona kwa Wanavajo kilipopita kile cha New York na karibu theluthi moja ya nyumba hazikuwa na maji ya bomba ya kunawia mikono, ni wao waliopeleka maji, chakula na habari milangoni. Mkimpa semina ya siku tatu na cheti, atarudi Jumatatu kwenye kazi ile ile kwa mshahara ule ule, ila sasa na dodoso lenu la kujaza juu ya mzigo wake. Mtakuwa mmepata wakusanya data wa bei rahisi. Sidhani profesa wako anataka hivyo, lakini ndivyo itakavyokuwa.

Ninachokushauri uandike ni mafunzo yanayomwelekea mtu kwenye meza zile ambazo maamuzi hufanyika: kuchambua takwimu, kuandika andiko la ruzuku, kusimamia bajeti, kukaa kwenye bodi ya maadili, kuendesha kituo cha epidemiolojia, yaani cha kufuatilia mwenendo wa magonjwa, cha Taifa lenyewe, kufundisha chuoni. Na yafanyike pale pale nyumbani kwao. Diné College ilianzishwa mwaka 1968, chuo cha kwanza Marekani kumilikiwa na kuendeshwa na wenyeji wa asili, na makao yake yako Tsaile. Kina shahada ya kwanza ya afya ya jamii. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kimekuwa na programu ya kiangazi, yenye mizizi zaidi katika kampasi yake ya Shiprock, ambapo wanafunzi husoma kwanza darasani, kisha hupelekwa fildi kwenye mradi halisi wa afya ndani ya jamii zao, kisha hurudi kuchambua walichokusanya na kukiwasilisha. Masomo yote chuoni hapo yanafuata mpangilio wa fikra wa Wanavajo wenyewe: kuwaza, kupanga, kuishi, kutafakari. Mwanafunzi anayesoma afya ya jamii kwa mpangilio huo haachi mila mlangoni ili aingie darasani.

Kwa hiyo msianzishe programu mpya yenye jina la chuo chenu. Nendeni Diné College mkaulize programu yao inakosa nini, na mkubali jibu hata likiwa dogo na lisilopendeza kwenye ripoti. Ukiniuliza mimi, nitakisia: posho inayotosha mwanafunzi mwenye watoto asilazimike kuacha, usafiri na mahali pa kulala wakati wa fildi, mwalimu wa takwimu anayekaa mwaka mzima badala ya wiki mbili, na nafasi za shahada za juu ambazo hazimlazimishi mtu kuhama miaka minne na kumwacha bibi yake peke yake na kondoo.

Fedha zipitie kwao. Huu ndio mgogoro utakaoukuta kwenye idara, na unahitaji ujasiri. Chuo kikubwa kikiwa mpokeaji mkuu wa ruzuku, kinakata gharama za uendeshaji ambazo mara nyingi hufikia nusu ya gharama za moja kwa moja, na Wanavajo wanabaki wakandarasi wadogo katika mradi unaobeba jina lao. Upo mpango wa NIH na IHS uitwao NARCH ambao ruzuku yake inakwenda kwa mataifa ya wenyeji au taasisi zao, nao ndio huchagua chuo cha kushirikiana nacho. Diné College na Northern Arizona University wamewahi kushirikiana kwa njia hiyo. Mshaurini profesa autazame.

Ni hatari pia kudhani kwamba wanaohitaji mafunzo ni Wanavajo peke yao. Kwenye sehemu yako weka mafunzo ya lazima kwa timu yenu. Nikupe mfano mmoja. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya mahojiano na Wanavajo kuhusu namna madaktari wanavyotoa habari mbaya. Wengi walieleza kwamba kwao maneno yana nguvu ya kuleta jambo, na kwamba mtu anatakiwa afikiri na kusema kwa namna inayovuta mema. Sasa chukua fomu yenu ya ridhaa, aya ya madhara, inayomwambia mzee: unaweza kupata hiki, unaweza kufa kwa kile. Umekaa naye mezani, umemsomea hayo usoni, mkalimani amesita, mzee amenyamaza na kutazama mlango. Hajakataa utafiti wenu. Amesikia mgeni akimwombea mabaya nyumbani kwake. Wapo wanaolieleza jambo lile lile kwa kusema juu ya mtu wa tatu, yaani wako watu waliopata tatizo hili, na ukweli wote unabaki. Lakini fomu hiyo iandikwe na Wanavajo tangu mwanzo. Kuitafsiri mwishoni hakutoshi.

Na swali la utafiti lenyewe litoke kwao. Mwaka 2014 Wanavajo walipitisha sheria ya kutoza kodi ya asilimia 2 kwa vyakula visivyo na lishe na kuondoa kodi kwenye matunda na mboga mbichi, ikaanza kutumika mwaka 2015, na mapato yakarudi kwenye matawi kwa miradi ya afya. Walioipigania ni kikundi cha wananchi, na walipigwa veto zaidi ya mara moja kabla ya kufanikiwa. Hapo maswali ya utafiti yanajitokeza kwa wingi: maduka yamebadilika vipi katika nchi kubwa hivyo yenye maduka makubwa ya vyakula yasiyozidi kama 13, fedha zimetumika wapi, tawi gani lilianzisha bustani na lipi lilikwama na kwa nini. Mwanafunzi wa Shiprock akichambua maswali hayo, diwani wa tawi lake atayasoma majibu.

Kuhusu wewe mwenyewe: usione haya kwa kuwa ni mgeni kutoka mbali. Ukifika, jitambulishe kwa ukoo kabla ya cheo, umetoka kwa nani, mama yako ni wa wapi, baba yako ni wa wapi. Wao hujitambulisha hivyo kwa koo nne, na mtu wa Tanga hilo halimpi shida. Kaa kwenye mkutano wa tawi hadi mwisho hata kama ajenda yenu ilikuwa ya pili.

Bajeti ya mwaka wa tano iandikwe kwanza, kabla ya ile ya mwaka wa kwanza. Weka humo mshahara wa mchambuzi wa data mmoja wa Kinavajo atakayeajiriwa na taasisi ya Wanavajo, pamoja na barua ya taasisi hiyo inayoeleza nani atamlipa mwaka wa sita. Weka gharama za kukabidhi data: kompyuta ya kuihifadhi, mwongozo wa kuisoma, na muda wa kumwelekeza atakayeipokea. Weka mikutano ya kurudisha matokeo kwenye kila tawi lililowapa azimio. Barua ya mwaka wa sita ikikosekana, mwambie profesa asitume andiko msimu huu.